Kuzuru Kijiji cha Cabanaconde na Bonde la Colca nchini Peru: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Cabanaconde ni wapi hasa?

Cabanaconde ni kijiji cha wakulima katika milima ya Andes, kusini mwa Peru, ndani ya jimbo la Caylloma la mkoa wa Arequipa. Kiko mita 3,287 juu ya usawa wa bahari, ukingoni mwa korongo la mto Colca. Mto huo huanzia kwenye nyanda za juu zenye baridi, hupita katika bonde pana lililopambwa na mashamba ya ngazi karibu na Chivay, Yanque na Maca, kisha hubanwa na kuta za mawe na kutumbukia katika moja ya makorongo yenye kina kirefu kuliko yote duniani. Ukiendelea mbele hubadilishwa jina, ukaitwa Majes, halafu Camaná, na hatimaye humwaga maji yake katika bahari ya Pasifiki.

Cabanaconde iko pale bonde linapogeuka kuwa korongo. Kwa sababu hiyo msafiri anayelala hapo ana mambo mawili mbele yake kwa wakati mmoja: mashamba yanayolimwa tangu kabla ya Wainka, watu waliotawala milima hii kabla ya Wahispania, na shimo kubwa ambalo chini yake kuna vijiji vingine visivyofikika kwa urahisi ila kwa miguu au kwa baghala.

Je, korongo hili ndilo lenye kina kirefu kuliko yote?

Hapana, ingawa mabango mengi ya watalii yanadai hivyo. Kina chake kikubwa, ambacho hakiko Cabanaconde bali upande wa chini zaidi karibu na Huambo, hukadiriwa kuwa mita 3,270. Korongo jirani la Cotahuasi, lililo katika mkoa uohuo wa Arequipa, linalizidi kidogo. Mbele ya kituo maarufu cha kutazamia kondori, ndege mkubwa wa Andes, mto uko takriban mita 1,200 chini ya miguu ya mtazamaji, na hicho ni kina cha kutosha kumfanya mtu yeyote ashike ukuta.

Mashirika ya Arequipa huuza ziara ya siku moja. Kwa nini nisichukue hiyo?

Unaweza kuichukua, na kwa mtu aliyebakiwa na siku moja tu kabla ya ndege yake hakuna njia nyingine. Hata hivyo ni vyema ujue unanunua nini. Gari hukuchukua hotelini yapata saa tisa za usiku, hukupandisha kutoka Arequipa, iliyo mita 2,335 tu, hadi kwenye njia ya mlimani ya Patapampa yenye mita 4,910, kisha hukuteremsha bondeni na kukufikisha kwenye kituo cha kondori pamoja na makumi ya magari mengine yaliyoondoka saa ileile. Baada ya muda mfupi hapo huanza safari ya kurudi, yenye vituo vya kununua vitu na chakula cha mchana Chivay, na jioni uko Arequipa ukiwa na kichwa kinachogonga.

Ziara ya namna hiyo huligeuza bonde lote kuwa ukumbi wa kumtazamia ndege mmoja. Watu wanaoishi humo, maji yao na kazi ya mikono yao hupitwa dirishani. Ushauri wa ukurasa huu ni kwamba ukilala angalau usiku mmoja Chivay au Yanque na usiku miwili Cabanaconde, gharama itakayoongezeka ni ndogo sana ukilinganisha na nauli ya kutoka kwenu hadi Peru, na utakachokiona si kitu kilekile.

Nikitoka Afrika Mashariki, nafikaje?

Hakuna ndege ya moja kwa moja. Wasafiri wengi hupitia miji ya Ulaya, au huruka kutoka Addis Ababa hadi São Paulo nchini Brazili, kisha huunganisha hadi Lima, mji mkuu wa Peru. Kutoka Lima kwenda Arequipa kuna ndege za kila siku zinazotumia muda wa saa moja na nusu hivi, na pia kuna mabasi ya masafa marefu yanayokesha njiani.

Masharti ya viza hutegemea pasipoti yako na hubadilika, kwa hiyo uliza ubalozi wa Peru unaohudumia nchi yako kabla ya kulipia chochote. Usisahau kuuliza pia kuhusu nchi utakamobadilishia ndege, kwa sababu baadhi ya nchi za Ulaya hudai viza ya kupita hata kwa abiria asiyetoka nje ya uwanja, na hilo limewakwamisha watu wengi kuliko masharti ya Peru yenyewe. Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Hata kama hutaulizwa ukiwa Lima, huenda ukaulizwa unaporejea nyumbani.

Barabara ya kutoka Arequipa ikoje?

Mabasi ya abiria huondoka kituo kikuu cha mabasi cha Arequipa. Hadi Chivay ni kama kilometa 160, yaani saa tatu hadi nne, na hadi Cabanaconde jumla yake hufika saa sita hivi, kwa sababu basi husimama katika kila kijiji kupakia wanafunzi, magunia ya mahindi na wakati mwingine kondoo. Chagua basi la mchana na kiti cha dirishani.

Njiani utapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Salinas y Aguada Blanca, iliyoanzishwa mwaka 1979, ambamo vikunya hula majani makavu kando ya barabara. Vikunya ni mnyama wa porini wa jamii ya ngamia, mwembamba, mwenye manyoya laini kuliko ya alpaka, na sheria inamlinda. Alpaka na lama utakaowaona, ambao ni wa jamii hiyohiyo lakini hufugwa, wana wenyewe, hata kama hakuna mchungaji karibu. Baada ya hapo barabara hupanda hadi Patapampa, na kukiwa hakuna mawingu huonekana msururu wa volkano, zikiwamo Ampato yenye mita 6,288, Hualca Hualca na Sabancaya inayotoa moshi. Ukishuka hapo kupiga picha, tembea polepole.

Mimi nimewahi kupanda Kilimanjaro. Bado niuogope mwinuko?

Usiuogope, lakini uuheshimu. Patapampa iko juu kuliko kibanda cha Kibo, ambacho kiko mita 4,720, ila tofauti ni kwamba Kilimanjaro hupandwa kwa siku kadhaa ilhali basi la Arequipa hukufikisha huko kwa saa chache. Mwili haukumbuki kwamba uliwahi kufika Uhuru miaka mitatu iliyopita. Huanza upya kila safari. Mtu anayetoka Dar es Salaam au Mombasa ataathirika kwa urahisi zaidi kuliko anayeishi Nairobi, lakini hata huyo wa Nairobi hana kinga.

Jambo la msingi ni kulala usiku miwili au zaidi Arequipa kabla ya kupanda. Siku ya safari kunywa maji mengi, kula kidogo, na acha pombe. Kuumwa kichwa, kukosa usingizi na kukosa hamu ya kula ni dalili za kawaida ambazo wenyeji huziita soroche, na mara nyingi hupungua baada ya siku moja au mbili. Mtu akianza kuyumba anapotembea, akichanganyikiwa, au akikosa pumzi hata akiwa amekaa, hiyo si soroche ya kuvumilia: ashushwe mara moja na apelekwe hospitali. Cabanaconde ina kituo kidogo cha afya, na matibabu makubwa yako Arequipa. Kama unafikiria kutumia asetazolamaidi, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, zungumza na daktari wako kabla ya safari, hasa kama una matatizo ya figo au mzio wa dawa za salfa.

Na hiyo chai ya koka ni halali?

Nchini Peru majani ya mkoka ni halali, huuzwa sokoni waziwazi, na chai yake hutolewa hotelini kama inavyotolewa chai ya tangawizi kwetu. Wenyeji pia hutafuna majani hayo wakati wa kazi na huyatumia katika sadaka kwa milima. Chai huchangamsha kidogo na huliwaza tumbo, lakini haiondoi ugonjwa mkali wa mwinuko.

Tatizo liko mpakani. Majani hayo, hata yakiwa ndani ya vifuko vya chai vyenye chapa nzuri ya dukani, huhesabiwa kuwa dawa za kulevya katika nchi nyingi, zikiwamo utakazopitia kurudi nyumbani. Usibebe hata kifuko kimoja. Vilevile, mtu ambaye kazi yake humtaka apimwe mkojo asiinywe kabisa, kwani vipimo vinaweza kuonyesha alama yake. Badala yake kuna chai ya munya, mmea wa milimani wenye harufu inayokaribia nanaa, ambayo ni nzuri na haina matata yoyote.

Niende miezi gani?

Kiangazi ni kuanzia Aprili au Mei hadi Novemba, na mvua hunyesha kuanzia Desemba hadi Machi. Katika miezi ya Juni na Julai anga ni samawati, jua ni kali mchana, na usiku joto hushuka chini ya nyuzi sifuri. Vumbi ni jingi na mashamba mengi yameshavunwa, kwa hiyo rangi iliyotawala ni kahawia.

Wakati wa mvua bonde lote hugeuka kijani na ndio wakati linapopendeza zaidi kwa macho ya mkulima, lakini mawingu huficha volkano, kondori huonekana kwa nadra zaidi, na njia za kushukia korongoni huporomokewa na mawe. Ukitaka kupata sehemu ya vyote viwili, nenda mwishoni mwa Aprili au mwezi Mei, wakati mvua zimekwisha na mahindi bado yako shambani au yanavunwa.

Kondori wataonekana kweli?

Katika kiangazi, kwa mtu mwenye subira, mara nyingi huonekana. Kituo kinachoitwa Cruz del Cóndor kiko muda mfupi kabla ya kufika Cabanaconde, na saa nzuri ni kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Sababu ni uzito wa ndege mwenyewe: dume anaweza kufika kilo 15, na mabawa yake yakikunjuliwa hupita mita 3 kutoka ncha hadi ncha, kwa hiyo kuruka kwa kupiga mabawa humchosha mno. Husubiri kwenye majabali hadi jua lipashe kuta za korongo na hewa ya joto ianze kupanda, kisha hujiachia na kubebwa nayo juu, duara baada ya duara, bila kupiga bawa hata mara moja.

Kondori ni mla mizoga kama tumbusi, na huzaa polepole sana. Jike hutaga yai moja tu, kwa kawaida si kila mwaka. Ndiyo maana kila ndege anayeuawa au kulishwa sumu ni hasara kubwa. Mgeni aliyelala Cabanaconde anaweza kupanda basi la alfajiri linaloelekea Chivay na kufika kituoni kabla ya msafara wa magari ya Arequipa. Pia kondori hupita juu ya kijiji chenyewe na juu ya njia za korongoni, na hapo hakuna atakayekusukuma ili apate nafasi ya kupiga picha.

Kushuka korongoni kukoje, na nitahitaji siku ngapi?

Njia inayotembewa zaidi huanza karibu na kituo cha kutazamia cha San Miguel, mwendo mfupi nje ya Cabanaconde. Kutoka hapo utashuka kwa kona zisizokwisha kwenye kokoto na vumbi hadi mtoni, utavuka daraja, na baada ya saa tatu au nne utakuwa San Juan de Chuccho, ambako familia kadhaa hupokea wageni kwenye vibanda vya udongo vyenye bustani. Siku ya pili njia hupanda kidogo na kupita Cosñirhua na Malata, vijiji viwili vidogo vilivyo upande wa pili wa korongo, kisha hushuka tena hadi Sangalle, ambapo maji ya chemchemi yamewezesha kuota kwa miti ya jamii ya mitende na kujengwa kwa mabwawa ya kuogelea katikati ya mawe matupu. Siku ya tatu ni ya kupanda kurudi Cabanaconde.

Mpando huo wa mwisho ndio unaopima watu. Ni kama mita 1,100 kwenda juu bila sehemu ya tambarare ya maana, na mtu mwenye nguvu za wastani hutumia saa tatu hadi nne. Anza saa kumi au saa kumi na moja alfajiri ukiwa na tochi ya kichwani, kwa sababu jua likishapiga ukuta ule hakuna kivuli. Asiyeweza hukodi baghala kutoka kwa wenyeji, na hakuna aibu katika hilo. Mwambie mwenye nyumba jioni iliyotangulia, maana wanyama hufuatwa mbali.

Mashirika huuza safari hii kwa siku mbili, na wengine huithubutu kwa siku moja. Siku mbili zinatosha kwa miguu. Hazitoshi kwa kukaa San Juan alasiri nzima ukimwangalia mwenyeji wako akikusanya kutoka kwenye mipungate wale wadudu wadogo wanaotoa rangi nyekundu, ambayo huuzwa kwa ajili ya vyakula na vipodozi. Njia nyingine, iliyo tulivu zaidi, hushuka hadi Llahuar, ambapo kuna chemchemi za maji moto kando kabisa ya mto. Anayetaka upweke zaidi apande hadi kijiji cha Tapay, kilicho juu ya San Juan upande uleule.

Ni lazima niwe na kiongozi?

Si lazima kisheria, na njia kuu ziko wazi. Hata hivyo, mtu aliye peke yake, asiyejua Kihispania, au anayekwenda miezi ya mvua afadhali akodi kiongozi aliyezaliwa Cabanaconde au Tapay, ambaye anajua ni kipande kipi cha njia kilichoporomoka wiki iliyopita. Ukienda bila kiongozi, acha jina lako na ratiba yako kwa mwenye nyumba ya wageni, na usitoke nje ya njia kutafuta mkato. Ajali mbaya za korongo hili nyingi hutokana na mikato.

Haya mashamba ya ngazi yalijengwa na Wainka?

Wainka waliyakuta. Sehemu kubwa ya ngazi hizo ilijengwa na watu wa bonde lenyewe karne nyingi kabla ya dola ya Inka kufika, na Wainka waliongeza na kuboresha. Mwaka 1931 msafara wa Shippee na Johnson kutoka Marekani ulipiga picha za bonde kutoka angani, na picha hizo zilionyesha ulimwengu kiasi ambacho mlima mzima ulikuwa umechongwa na kuzungushiwa kuta za mawe. Baadhi ya ngazi zimeachwa, lakini zilizobaki hulimwa mpaka leo kwa mahindi, viazi, kinoa (nafaka ya Andes), shayiri na majani ya mifugo. Mahindi ya Cabanaconde, yanayoitwa kabanita, yana sifa mkoa mzima wa Arequipa kwa utamu na kwa rangi zake nyingi.

Katika mahali pakavu kiasi hiki, ngazi bila maji ni kuta tu. Maji ya Cabanaconde hutoka kwenye theluji na chemchemi za mlima Hualca Hualca, ambao wenyeji humheshimu kama mama, na huletwa kwa mifereji mirefu. Kila msimu kuna watu waliokabidhiwa kugawa maji hayo, shamba hadi shamba, mchana na usiku, na miongoni mwa wajibu wao ni kuutolea mlima sadaka. Mwezi Agosti wanakijiji hukusanyika kusafisha mifereji, kazi ambayo huchanganyika na muziki na vinywaji.

Kuna kisa kimoja ambacho kila mgeni anayepita juu ya mashamba hayo anapaswa kukijua. Katika miaka ya 1970 serikali ilianza mradi mkubwa wa Majes, wa kuchukua maji ya mto Colca kwa mifereji na mahandaki hadi kwenye jangwa la karibu na pwani ili kufungua mashamba mapya. Mradi ule ndio ulioleta barabara nzuri bondeni, lakini mfereji wenyewe ulipita juu ya Cabanaconde bila kuwapa wanakijiji tone, hata wakati wa ukame uliokausha mahindi yao. Mwaka 1983 kikundi cha wanakijiji kiliutoboa mfereji ule mahali panapoitwa Tomanta, na maji yakateremka mashambani. Serikali, badala ya kuwafunga, ilikubali hatimaye kukipa kijiji mgawo wa maji, na ngazi zilizokuwa zimeachwa zikaanza kulimwa tena. Waliotenda jambo lile hukumbukwa kijijini kama mashujaa kumi na mmoja. Ukiona toleo la maji kando ya barabara, mwulize mzee yeyote. Atasimulia vizuri kuliko ukurasa huu.

Wakazi wa bonde ni watu gani?

Kihistoria kuna jamii mbili. Wakolagwa waliishi sehemu ya juu ya bonde, kuelekea Chivay, na Wakabana sehemu ya chini, ambayo kitovu chake ni Cabanaconde. Mwaka 1586 afisa wa Kihispania aitwaye Juan de Ulloa Mogollón aliandika kwamba Wakolagwa walijinasibisha na mlima Collaguata na Wakabana na Hualca Hualca, na kwamba kila jamii iliwafunga watoto wachanga vichwa ili vipate umbo la kuitambulisha: virefu kwa Wakolagwa, vipana kwa Wakabana. Gavana mkuu Francisco de Toledo alikuwa amekwisha kuipiga marufuku desturi hiyo, na ndiye pia aliyeamuru katika miaka ya 1570 watu waliotawanyika milimani wakusanywe katika vijiji vyenye mitaa iliyonyooka na kanisa katikati. Vijiji unavyoviona leo ni matokeo ya amri hiyo.

Tofauti ya jamii hizo sasa iko kwenye kofia za wanawake. Kofia ya Wakabana ni ya kitambaa kilichotariziwa kote kwa nyuzi za rangi, na ya Wakolagwa ni nyeupe, ya majani makavu, yenye utepe. Mataraza hayo, pamoja na ya vizibao na sketi, hushonwa kwa cherehani za miguu na mafundi wa kike na wa kiume, na hayavaliwi kwa ajili ya watalii: utawaona akina mama wakiwa nayo shambani, sokoni na kwenye basi.

Kuna sherehe gani?

Kubwa kuliko zote Cabanaconde ni ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, ambayo kilele chake ni tarehe 16 Julai na ambayo hujaza kijiji kwa siku kadhaa za bendi za matarumbeta, dansi na michezo ya ng'ombe. Wazawa wanaofanya kazi Lima na hata ng'ambo hurudi kwa ajili hiyo, kwa hiyo bila kuweka nafasi mapema hutapata kitanda. Dansi ya wititi, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2015 kuwa urithi wa utamaduni usioshikika, huchezwa hasa katika msimu wa mvua, kuanzia Desemba, na vijana wa kiume huicheza wakiwa wamevaa sketi za kike.

Volkano inayotoa moshi si hatari?

Sabancaya imekuwa ikilipuka mara kwa mara tangu Novemba 2016, na mawingu ya majivu huonekana kutoka Cabanaconde yenyewe. Wataalamu wa Peru huifuatilia mchana na usiku, na kukaribia shimo lake ni marufuku. Kwa mgeni aliye kijijini, athari ya kawaida ni majivu membamba ikiwa upepo umeelekea huko. Barakoa na miwani hutosha. Matetemeko ya ardhi ni jambo zito zaidi. Lile la Agosti 2016 liliua watu na kubomoa nyumba nyingi katika vijiji vya Ichupampa, Yanque na jirani zao, na makanisa ya kikoloni yaliyopasuka yalichukua muda mrefu kutengenezwa. Unapofika mahali pa kulala, tazama mlango wa kutokea uko wapi.

Majivu ya Sabancaya yaliyotua juu ya mlima jirani wa Ampato na kuyeyusha barafu yake ndiyo yaliyosababisha kupatikana, mwezi Septemba 1995, kwa mwili wa msichana aliyetolewa kafara na Wainka, anayejulikana kama Juanita. Wavumbuzi wake walikuwa Johan Reinhard na Miguel Zárate. Amehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Santa María mjini Arequipa, na ni vyema kulitembelea kabla ya kupanda bondeni.

Nitakula nini, na je, Mwislamu atapata chakula?

Utakula supu nzito za kinoa au mahindi, viazi vya aina nyingi, jibini, mayai, nyama ya alpaka na samaki wa trauti. Simbilisi, ambaye watu wa Iringa na Njombe hawatamshangaa, ni chakula cha heshima cha sherehe. Nyama iliyochinjwa kwa taratibu za Kiislamu haipatikani bondeni, na mafuta ya nguruwe hutumika katika mapishi kadhaa, kwa hiyo Mwislamu atategemea trauti, mayai, nafaka na mboga, naye aeleze mapema na kwa uwazi. Chicha, kinywaji cha mahindi, mara nyingi imechachuka. Onja tunda la sankayo, la mmea wa jamii ya mpungate, lenye uchachu unaofanana na wa ndimu.

Vipi kuhusu fedha, tiketi na intaneti?

Beba soli (fedha ya Peru) taslimu za noti ndogo kutoka Arequipa. Chivay kuna mashine za kutolea fedha, lakini Cabanaconde usizitegemee, na korongoni hakuna kabisa. Wageni hulipia tiketi ya utalii ya bonde, ambayo kwa miaka mingi imekuwa soli 70 kwa watu wasiotoka Amerika ya Kusini. Itunze, kwani hukaguliwa zaidi ya mara moja. Mtandao wa simu upo kijijini na hupotea ukishuka.

Lugha, picha na adabu?

Watu huzungumza Kikechua na Kihispania; Kiingereza ni cha viongozi na baadhi ya wenye nyumba za wageni. Salimia kwanza kabla ya kuuliza chochote, kama ambavyo ungefanya kijijini kwenu. Mtu mweusi atatazamwa, hasa na watoto, na mara nyingi ni udadisi unaoisha kwa salamu.

Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Maca na kwingineko barabarani wapo wanaosimama na tai aliyefungwa miguu ili watalii wampige picha kwa malipo. Usilipe, kwa sababu kila sarafu humweka ndege mwingine kifungoni. Kama unataka pesa yako ifike kwa familia, nunua kofia kwa fundi aliyeitarizi, au lala San Juan badala ya kupita tu.

Nibebe nini?

Viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, kofia pana, mafuta ya kuzuia jua yenye nguvu, koti zito la usiku, nguo nyepesi kwa ajili ya korongoni ambako mchana ni joto, tochi ya kichwani, na angalau lita tatu za maji kwa siku ya kupanda. Maji ya bomba na ya mifereji yachemshwe.

Lazima nirudi kwa njia ileile?

Wengi hurudi Chivay, hulala Yanque au Coporaque kwa ajili ya chemchemi za moto, kisha huendelea Puno au Cusco kwa magari ya watalii bila kupitia tena Arequipa. Ipo pia barabara ya vumbi inayotoka Cabanaconde kupita Huambo na kuteremka hadi nyanda za Majes, kulekule ambako mfereji unapeleka maji, na kuungana na barabara kuu ya pwani. Magari yake ni machache na ratiba yake hubadilika, kwa hiyo ulizia kwenye uwanja wa kijiji siku moja kabla, na uwe tayari kusubiri.